Watu wa Tanuru Walipokwenda Baharini

Ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi ya shaba, nawaanzia na jambo ambalo nisipowaambia nitakuwa nimewaibia. Upawa wa chuma hauingizwi ndani ya shaba iliyoyeyuka ukiwa baridi. Unaushika juu ya mdomo wa tanuru, unangoja, unaugeuza, unangoja tena, mpaka chuma kimemaliza kutoa jasho. Chuma kinatoa jasho hata siku ya jua kali. Macho yako hayaoni, lakini shaba inaona. Tone la maji likishikwa chini ya shaba ya moto halina pa kukimbilia, linageuka mvuke papo hapo na kurusha kila kilicho juu yake.

Nimeona upawa ukiruka mpaka kwenye vyuma vya paa. Nimeona mtu akiunguzwa nyusi zote mbili, na zilipoota tena, moja iliota juu kuliko mwenzake, akabaki maisha yake yote na uso wa mtu aliyeulizwa swali gumu. Huyo alikuwa rafiki yangu Mutombo. Alikuwa ameosha viazi vitamu bombani, akaja kuvipanga kwenye ukingo wa kalibu ili vichomeke wakati sisi tunamimina. Kiazi kimoja kikateleza. Kwa siku kadhaa baadaye tulikuwa tunaokota viazi kwenye mashine.

Kapita wetu, msimamizi wa kazi, aliitwa Mzee Mukalay. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na neno moja, na lilitutosha: "Mayi!", yaani maji. Ukisikia "Mayi!" huulizi wapi. Unaanguka pale ulipo, uso chini, mikono nyuma ya shingo, kwa sababu shaba inaruka juu na mbali kabla ya kushuka, na aliyesimama ndiye anayepigwa. Ninyi leo mna kofia, mna vioo vya uso, mna mahali palipochorwa pa kurudi nyuma. Sisi tulikuwa na sakafu. Mzee Mukalay alitufanyisha zoezi hilo bila kutuonya, wakati wa kula, wakati wa kuvaa, hata mbele ya padri aliyekuja kubariki tanuru jipya. Padri alibaki amesimama peke yake na maji yake ya baraka mkononi, na Mzee Mukalay akamwambia kwa heshima kubwa, "Mon père, njo ile mayi niko nasema."

Kalibu alikuwa anazijaribu kwa karatasi ya sigara. Anaweka kipande, anakipuliza. Kikiondoka, kalibu imekauka. Kikinata, kuna unyevu, irudishieni moto. Mgongo wa mkono ulitangulia kuonja joto, karatasi ikafuata. Baadaye walituletea mashine za gesi za kukaushia, na vipimo vya joto vyenye mshale, na kazi ikawa nyepesi. Kuna wazee watakaowaambia kwamba zamani ilikuwa bora. Mimi siwezi kusema hivyo. Mzee Mukalay mwenyewe, siku aliyoona mashine ya gesi ikikausha kalibu zote kabla hajamaliza kuwasha sigara yake, aliitazama mikono yake, akasema, "Basi hii mikono niliunguza bure." Akacheka, akaenda kukaa.

Lakini mwili ukifundishwa hausahau, na ndiyo habari ninayotaka kuwapa. Mambo ya tanuru mtayapata kwa wakubwa wenu. Hili la bahari hamtalipata kwa mwingine.

Nilikuwa na bibi, yaani mke, na watoto watatu. Bibi yangu alikuwa binti wa Kasenga, wa kwenye mto Luapula, baba yake mvuvi na kaka zake wavuvi. Alijua kuogelea kabla hajajua kukoroga bukari, ugali wetu. Tukamwita Mama Ilunga, kwa jina la mkubwa wetu. Baada ya Ilunga alikuja Mwansa, msichana, na baada ya Mwansa alikuja mdogo, Chola.

Mama Ilunga alikuwa na kicheko. Sijui niwaeleze vipi. Alipokuwa analeta chakula getini, akitaniwa na walinzi, sisi ndani tulimsikia juu ya mlio wa mashine za kupuliza hewa, na hizo mashine hata wewe na jirani yako mlisemezana kwa mikono. Mutombo alikuwa anainua nyusi yake ya juu na kusema, "Chakula ya Papa Ilunga imefika."

Nyumbani, kwenye kambi ya wafanyakazi, watoto walikuwa wamechukua zoezi la Mzee Mukalay na kulifanya mchezo. Mtu anapiga kelele "Mayi!", wote wanaanguka, uso chini, mikono shingoni. Wa mwisho kuanguka ndiye anayekwenda bombani kuteka. Chola ndiye aliyeupenda kuliko wote. Nilikuwa nikirudi kazini, kabla sijafika kwenye ua, kale katoto kanatokea mlangoni: "Mayi!" Na mimi, na sare yangu, na sufuria yangu ya chakula, ninaanguka mavumbini mbele ya majirani. Mama yake naye alikuwa anaanguka, hata akiwa na unga mikononi, na alikuwa wa mwisho daima kwa sababu kicheko kilimchelewesha.

Surua ilimchukua Chola msimu wa mvua. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Kilio kilifanyika kama inavyotakiwa. Wajomba wa Kasenga walikuja, na siku ya kukitoa walimpeleka bibi yangu mtoni, maji yakamfunika kichwa, wakamkata nywele, watu wakanywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, wakaenda kwao. Kwa desturi ilikuwa imeisha. Lakini Mama Ilunga alitoka mtoni na kilio kikatoka naye. Alipika, alifua, alikwenda misani. Alijibu ukimsemesha. Kicheko hakikurudi, na neno la mchezo halikutamkwa tena ndani ya nyumba. Watoto wenyewe waliliacha bila kuambiwa. Walinzi getini nao waliacha kumtania.

Miaka ile ilikuwa ya chama kimoja. Kila mtu aliitwa sitoyen, yaani raia, tai zilikuwa zimekatazwa, tulivaa abakosi, suti ya koti bila tai. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na urafiki na wenzao wa Tunisia, huko kaskazini, na wale walikuwa na nyumba ya mapumziko ya wafanyakazi kwenye mji wa pwani karibu na Hammamet. Walialika mfanyakazi na jamaa yake. Delege, mjumbe wa chama, alikuja tanuruni kututangazia kwamba sehemu yetu, kwa kuwa ilikuwa imekaa muda mrefu bila ajali, itatoa mtu huyo, na tumchague wenyewe.

Nilijua watamchagua Mzee Mukalay. Nilikuwa tayari nimeinua mkono. Mzee akasema, "Miye bahari ya nini? Maisha yangu yote niko nakimbia mayi." Mutombo akasimama.

"Aende Papa Ilunga na bibi yake," alisema. "Ule mama hacheke tena."

Hakuna aliyepinga. Mtu akasema, "Njo vile." Wakarudi kwenye kazi. Mimi nikabaki nimeinua mkono wangu kama mjinga. Baadaye, tukiwa tunavua viatu, Mutombo aliniambia bila kunitazama: "Hatutaki zawadi. Hatutaki picha. Utuletee ile kicheko."

Mnaona uzito wa mzigo huo. Mtu akikutuma sabuni, unajua inauzwa wapi.

Tulipanda ndege mpaka Kinshasa, na nyingine mpaka Tunis. Mama Ilunga alishika rozari njia nzima. Huko tulipokewa na mtu mmoja wa chama chao, Si Mongi, na hiyo "Si" kwao ni kama Bwana, fundi wa reli aliyestaafu, mnene, mkarimu, mwenye kuweka kishada cha yasmini nyuma ya sikio kama seremala anavyoweka kalamu. Tulisemezana kwa Kifaransa. Changu kilikuwa cha tanuruni, chake cha relini, tukaelewana vizuri kuliko mngedhani. Aliwaita watoto wangu "wajukuu wa shaba". Walitupa chumba cheupe chenye madirisha ya buluu, na chakula chenye pilipili nyekundu iliyosagwa ambayo Ilunga alisema, "Papa, hii iko karibu na ya kwetu," nikajua hatutakufa njaa.

Asubuhi ya kwanza Si Mongi alitupeleka ufukoni. Niseme kweli, sikuipenda. Nilikuwa nimeambiwa bahari ni kubwa, lakini hakuna aliyeniambia kwamba inakuja. Mto unapita, ziwa linakaa. Ile kitu ilikuwa inakuja kwetu, inarudi nyuma kidogo kama ndume anayejipanga, halafu inakuja tena. Mimi nilikuwa nimezoea kuulizia ndoo moja ilikotoka! Niliinama nikaujaribu mchanga kwa mgongo wa mkono kabla sijawaacha watoto wakanyage. Nikachagua mahali pa juu kabisa, karibu na ukuta, nikakaa na abakosi yangu na viatu. Watu wote walikuwa uchi nusu. Waliponiangalia niliwasalimia.

Mama Ilunga alitandika kitenge, akakaa, akaipa bahari mgongo.

Binti wa mto, aliyeogelea kabla ya kukoroga bukari, alikaa anatazama ukuta wa chokaa. Nikamwambia, "Mama, angalia basi, tumetoka mbali." Akasema, "Naisikia." Ilunga na Mwansa walikuwa wanacheza majini penye kina cha goti, na kila mara mmoja wao akipiga kelele ya furaha, niliona mabega ya mama yao yakikaza. Hakugeuka.

Ilikuwa hivyo siku baada ya siku. Mimi nilijaribu. Nilimwonyesha mwanaume mmoja mzungu aliyeungua na jua mpaka akawa na rangi ya shaba ya mimino mbaya. Alitabasamu kidogo kwa adabu. Nilijaribu kula pweza. Nilijaribu kupanda ngamia wa kupiga picha, nikaanguka, nikajitahidi kuanguka vibaya zaidi ili ichekeshe. Aliinuka, akanipangusa mchanga, akasema, "Pole, Baba Ilunga." Usiku nilimfikiria Mutombo na nyusi yake, nikajua nitarudi mikono mitupu.

Kwenye ufuko ule alikuwako muuzaji wa mikate. Walikuwa wanaiita bambaluni. Ni mikate ya kukaanga kama ya mama zetu wa mitaa ya Kenya au Hewa Bora, hapa Lubumbashi, asubuhi, ila yenye tundu katikati. Mwansa alitaka kujua wanakouza yale matundu. Muuzaji alikuwa mzee wa kofia nyekundu ya sufu, na alikuwa na karai pana la mafuta juu ya jiko la gesi. Anavuta donge, analitoboa kwa kidole, analirusha, linageuka lenyewe. Nilipenda kumwangalia. Alikuwa mtu wa moto kama mimi. Hakurusha donge kabla hajalipangusa unga, na upawa wake wa matundu ulikuwa unakaa juu ya mafuta muda kidogo kabla ya kuingia. Nilisema moyoni: huyu Mzee Mukalay angempa kazi.

Basi siku hiyo tulikuwa tumekaa wanne karibu na lile karai, watoto wanangojea mikate, mama yao na mgongo wake kwa bahari. Binti mdogo wa pale, wa watu tusiowajua, alitoka majini anakimbia, amebeba ndoo ya plastiki imejaa maji na kitu fulani hai ndani yake, kaa au samaki, anataka kumwonyesha babu wa mikate. Anakimbia, ndoo inamwagika huku na huku, anakuja moja kwa moja kwenye mafuta yanayochemka. Nami naona ndoo inavyoinuka.

Sikufikiri. Mtu wa tanuru hafikiri.

"MAYI!"

Sauti yangu ilikuwa ile ya kushinda mashine za kupuliza. Na nikaanguka, uso mchangani, mikono nyuma ya shingo, na abakosi yangu.

Bahari yenyewe nadhani ilingoja. Nikageuza kichwa kidogo. Kushoto kwangu Ilunga alikuwa amelala, uso chini, mikono shingoni. Baada yake Mwansa, vilevile. Na mbele yangu Mama Ilunga, na kitenge chake, na kitambaa chake cha kichwa, alikuwa amelala kifudifudi, viganja vimefumbatwa nyuma ya shingo kama inavyotakiwa.

Binti wa ndoo alikuwa amesimama mbali na karai, maji yote yamemwagikia miguu yake mwenyewe, mdomo wazi. Muuzaji alikuwa ameshika donge hewani. Watu wa ufuko mzima walikuwa wamesimama wanaitazama familia ya Kiafrika iliyolala mstari mmoja.

Nikaona mabega ya Mama Ilunga yanatikisika.

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanguka kuliko mwili. Nilikuwa nimelitamka neno la Chola. Lilikuwa halijatamkwa mbele yake tangu mtoto azikwe, nami nimelipiga kwa sauti yote, mbele ya wageni. Nikatambaa mpaka alipo. Nikasema, "Mama Ilunga, unisamehe. Imetoka yenyewe."

Mabega yanatikisika. Nikamshika mkono. Akageuza uso, umejaa mchanga mpaka kwenye kope, machozi yamechora mistari miwili ndani ya mchanga, na alikuwa anajaribu kusema na hawezi.

"Baba Ilunga," alisema. "Baba Ilunga... hata huku?"

"Niliona ndoo..."

"Geuka, uangalie nyuma yako! Ile mayi yote inafika mpaka Ulaya, na weye unaogopa kandoo kamoja!"

Na kikatoka. Kicheko kile. Kilitoka kwanza kama mtu anayekohoa, kikakwama, kikatoka tena, halafu kikafunguka chote. Alijiviringisha mchangani, kitambaa kikamvuka. Ilunga akaanza, Mwansa akaanza. Muuzaji wa mikate alisema kitu kwa Kiarabu, na Si Mongi, aliyekuwa amefika anahema, akanitafsiria kwa uso mzito: "Anauliza kama ile ilikuwa sala. Anasema msikasirike, lakini Makka haiko upande ule." Mama Ilunga alipoelezwa hilo aliomba tumwache, anakufa.

Alipopata pumzi alikaa, akajipangusa macho, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema habari ya jirani: "Chola angesema miye njo wa mwisho."

"Hapana," Mwansa akamwambia. "Leo Mama haukukuwa wa mwisho. Papa njo wa kwanza, halafu Mama."

"Basi ni nani atateka mayi?" Ilunga akauliza.

Mama yao akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu tufike, akaitazama bahari. Aliitazama muda, kama mtu anayemkumbuka mtu. "Nitateka miye," akasema. Akasimama, akafunga kitenge chake vizuri juu ya kifua, akashuka mchangani, akaingia. Hakupunguza mwendo pale maji yalipoanza. Wimbi lilikuja, akapita chini yake, akatokea upande wa pili na kichwa kimelowa, anapuliza maji kama watoto wa Kasenga wanavyopuliza.

Muuzaji alitupa mikate na akakataa tulipotaka kulipa. Jioni ile, kabla hatujarudi chumbani, tuliona watoto wa ufuko wakicheza. Mmoja anapiga kelele "Mayi!", wote wanaanguka chini. Walikuwa wanalitamka vizuri. Sijui kama bado wanacheza. Napenda kufikiri kwamba bado.

Siku zilizobaki Mama Ilunga aliishi majini. Mimi nilipanda cheo kidogo kidogo: nilivua viatu, nikavua koti la abakosi. Siku ya mwisho alisimama maji yamemfika kiunoni, akaniita. "Kuya!"

Nikasema niko sawa hapa.

"Kuya, Baba Ilunga. Siwezi kurudi nikaambia batu ya tanuru kama uliona bahari na mabega makavu."

Nikafika ukingoni. Povu likaja, nikarudi nyuma. Ni aibu kuandika, lakini miguu yangu ilikuwa imefundishwa na Mzee Mukalay, haikuwa ya kwangu peke yangu. Bibi yangu aliliona hilo. Hakunicheka. Alitoka akaja mpaka kando yangu, akanishika mkono, akasema taratibu maneno niliyokuwa nikiyasema nyumbani kila mara nilipojisifia kazi yangu, na mimi nilidhani hasikilizi:

"Pasha upawa kwanza. Weka muguu, ungoje. Isiingie baridi. Ungoje. Sasa ugeuze. Ungoje tena."

Nikangoja. Maji yalinifika kwenye kifundo, nikangoja. Yalinifika kwenye goti. Hayakuwa adui. Yalikuwa vuguvugu juu na baridi chini, kinyume cha tanuru. Tulisimama mpaka kifuani, yeye na mimi, na kila wimbi lilipokuja alininyanyua kidogo kwa mkono, kama mtoto. Chumvi ilinikumbusha yale maji ya chumvi tuliyokuwa tunapewa zamu za joto, ila hapa mtu alikuwa amekosea kipimo. Nilimwambia hivyo. Kikatoka tena, kicheko kile, na nikahesabu moyoni kwamba mzigo wa Mutombo umepatikana na kufungwa.

Tulipofika Lubumbashi, siku yangu ya kwanza kazini sikumwambia mtu neno. Waliniuliza, nikasema ngojeni. Saa ya chakula ilipofika tulikuwa kwenye kumimina, mashine za hewa zinanguruma, na kutoka upande wa getini kilikuja, juu ya kila kitu. Mlinzi alikuwa amemuuliza kama kule Tunisia wanawake nao wanaogopa waume zao. Mutombo aliinua nyusi yake ya juu. Mzee Mukalay alikuwa na karatasi ya sigara kidoleni. Akasahau kuipuliza.

Tuliishi miaka mingi baada ya hapo, na sehemu yake kubwa ilikuwa nzuri. Kazi ikaja kuharibika, tanuru letu likazimwa, mishahara mnajua wenyewe. Nyumbani hatukukosa kucheka. Mama Ilunga alifariki mwaka jana, nyumbani, mikononi mwa binti yake, akiwa mzee. Sina la kumlalamikia Mungu.

Shemeji zangu walinipeleka Kasenga kutoa kilio. Desturi ya watu wa mto ni kwamba mjane hasukumwi. Anaingia mwenyewe, na maji lazima yafunike kichwa, vinginevyo hakijatoka. Walinisimamisha ukingoni mwa Luapula na nguo zangu za kilio, watu wamejipanga nyuma. Mwape, kaka mdogo wa Mama Ilunga, wa mwisho aliye hai, akanitoa hofu: "Shemeji, hapa hakuna mamba. Yote ilivuka kwenda Zambia, huku haikupata chakula."

Nikaweka mguu. Nikangoja. Nikaugeuza, nikangoja tena. Watu walidhani ni uzee. Mwape akaninong'oneza, "Shemeji, tungoje mpaka mvua?" Nilitaka kumwambia kwamba napasha upawa, lakini haikuwa kweli. Mguu ulikuwa umeshapata joto zamani. Sikutaka kuingia, basi. Hakukuwa na mkono wa kunishika, na nilijua kwamba nikiingia, nitatoka upande wa pili bila yeye. Nilisimama hivyo mpaka wanawake wakaanza kuguna.

Ndipo nyuma yangu, kwenye mstari wa wafiwa, sauti ya Mwansa binti yangu, mama wa watu, bibi wa watu, ikapasua mto mzima:

"MAYI!"

Mwili wa mtu wa tanuru hauulizi wapi. Nilianguka pale nilipo, uso chini, mikono nyuma ya shingo, ndani ya Luapula. Maji yakanifunika, yakaingia puani, yakaingia masikioni, na huko chini palikuwa pametulia kama nyumbani. Nilipoinua kichwa nakohoa, niliona mwanangu Ilunga, mwalimu mkuu mwenye mvi, amelala kifudifudi matopeni na suti yake nyeusi. Kando yake Mwansa alikuwa wa mwisho, bado anashuka, kwa sababu kicheko kilikuwa kinamchelewesha, na kilikuwa kicheko cha mama yake hasa.

Watu wa Kasenga walitutazama. Mwape akashuka, akanipapasa juu ya kichwa kuhakikisha, akawageukia.

"Kimelowa chote," akasema. "Leteni munkoyo."